Cheti cha Ng'ambo na Fomu ya Fidia



Vijana wa Kahama na Geita hukutana simuni na matangazo ya kozi za usaidizi wa sheria zitolewazo na vyuo vya ng'ambo kwa njia ya mtandao. Hatuwalaumu wanaovutiwa; Lushoto, kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ni mbali. Lakini na wajue wanunuacho. Huko Marekani msaidizi wa sheria ni mwajiriwa wa ofisi ya wakili. Wa kwetu, kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, huhudumia bila malipo, wala hamwakilishi mtu mahakamani.

Tumfikirie mama mjane ambaye shamba lake limeingia katika eneo la mgodi. Ameletewa fomu ya uthamini aweke alama ya dole gumba. Anayeketi kando yake sharti ajue kwamba fidia si ya mihogo na miembe tu. Ardhi yenyewe ina thamani, tena ipo posho ya usumbufu na ya usafiri. Ajue pia kuwa Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe 7, na 3 kati yao ni wanawake. Na ayaeleze hayo kwa Kisukuma. Ni kozi gani ya ng'ambo ifundishayo hayo, hata cheti chake kiwe na muhuri wa dhahabu? (Dhahabu tunayo.)

Mtandao twaukubali, mradi ufundishe sheria za Tanzania, na mwanafunzi akae kwanza kijijini na wasaidizi wazoefu. Kabla ya kulipa ada, mwombaji amwulize Msajili Msaidizi wa wilaya kama mafunzo hayo yanatambuliwa.