Dainosaria Waliocheza na Watoto wa Adamu

Mgeni akishaingia katika Makumbusho ya Uumbaji huko Petersburg, jimbo la Kentucky, Marekani, haendi mbali kabla ya kukutana na sanamu za watoto wanaocheza kando ya maji. Karibu nao wapo dainosaria wadogo wanaotikisa vichwa kwa mitambo. Hakuna anayemkimbia mwenzake. Kwa mujibu wa makumbusho haya, dunia ina umri wa miaka 6,000 hivi, iliumbwa kwa siku sita za saa 24, na kabla ya Adamu na Hawa kula tunda hakukuwa na mnyama aliyemla mwenziwe. Hata Tyrannosaurus, na meno yake yale, alikuwa akila mimea. (Simba nao, kwa hesabu hiyo, walikuwa wala majani.)

Anayetarajia kukuta kibanda cha wababaishaji atashangaa. Taasisi ya Answers in Genesis, inayoongozwa na Ken Ham, Mwaustralia aliyewahi kuwa mwalimu wa sayansi, ilitumia dola milioni 27 kujenga mahali hapa na kupafungua mwaka 2007. Maonyesho yalibuniwa na Patrick Marsh, fundi aliyeshiriki kutengeneza michezo ya King Kong na Jaws katika Universal Studios, Florida. Kazi yake haina mzaha.

Onyesho lililonigusa zaidi halina mbwembwe. Wanasayansi wawili wameinamia mifupa ileile ya dainosaria. Mmoja anaisoma kwa kuanzia Neno la Mungu, mwingine kwa kuanzia akili ya binadamu, na kila mmoja anafikia jibu lake. Mgeni anaambiwa kwamba ushahidi ni uleule, tofauti ni miwani tu.

Ni hoja ya werevu, na mimi siikubali. Ukilikagua jiwe la chokaa la eneo la Cincinnati, mji ulio jirani na makumbusho, utaliona limejaa makombe ya baharini ambayo wanajiolojia wanayakadiria kuwa na miaka milioni 450 hivi. Kuna mahali ambapo sakafu ya bahari ilikwisha kuwa ngumu kama saruji, viumbe wadogo wakaitoboa, viumbe wengine wakajishikiza juu yake na kukua, kisha wakafunikwa na tope, na juu yake maisha yakaanza upya. Tabaka juu ya tabaka. Gharika ya Nuhu ya mwaka mmoja, ambayo makumbusho yanaiona ndiyo iliyoziweka tabaka hizo, haiwezi kuwapa viumbe hao nafasi ya kukaa, kukua na kufa kwa zamu. Hapo miwani haisaidii. Jiwe lenyewe linakataa.

Februari 2014, Ham alifanya mdahalo na Bill Nye, mtangazaji wa sayansi, hukohuko kwenye makumbusho. Wote wawili waliulizwa ni nini kingewabadilisha mawazo. Nye alitaja ushahidi. Ham alisema hakuna atakayemshawishi kwamba Neno la Mungu si kweli. Kama muumini, jibu hilo linamtosha, wala sioni sababu ya kumcheka. Lakini aliyekwisha kuufunga mlango kabla ya kuchimba hawezi kuuita uchimbaji wake utafiti. Wakristo wengi hawakulazimika kufika huko: tangu mwaka 1950 Papa Pius XII aliruhusu wasomi wa Kikatoliki kuchunguza chimbuko la mwili wa binadamu kwa njia za sayansi.

Je, serikali isaidie? Swali hilo lilifika mahakamani kwa sababu ya mradi wa pili wa Answers in Genesis, Safina ya Nuhu ya mbao yenye urefu wa mita 155 huko Williamstown, iliyofunguliwa mwaka 2016. Jimbo lilikuwa limekataa kuurudishia mradi sehemu ya kodi ya mauzo, fedha zinazoweza kufikia dola milioni 18, kwa kuwa ulikusudia kuajiri wenye imani yao tu. Jaji akaamua kwamba nafuu iliyo wazi kwa vivutio vyote vya utalii haiwezi kufungwa kwa sababu ya dini. Kisheria sina ubishi naye. Kinachonikera ni kwamba hata mlipa kodi asiyeweza kuajiriwa pale anabebeshwa mzigo.

Afrika Mashariki nayo imewahi kuonja ubishi huu. Mwaka 2006, Askofu Boniface Adoyo aliongoza upinzani dhidi ya makumbusho ya taifa jijini Nairobi kumweka mbele ya umma Kijana wa Turkana, mifupa ya zamadamu wa zaidi ya miaka milioni moja na nusu, ambayo Kamoya Kimeu aliigundua mwaka 1984. Makumbusho hayakuificha, na yalifanya vyema. Askofu alikuwa na haki ya kuhubiri apendavyo. Kuamua Wakenya wengine waone nini haikuwa kazi yake.

Kwa hiyo mzazi uliye Marekani, ukitaka kumpeleka mwanao Petersburg, mpeleke. Ila siku hiyohiyo au kesho yake vukeni upande wa pili wa Cincinnati hadi Sharonville, kwenye bustani ya visukuku ya Trammel. Pale mtoto anaruhusiwa kuokota kombe la kale kwa mkono wake mwenyewe na kwenda nalo nyumbani.