Mimbari na Mlolongo wa Kura

Hoja kwamba dini katika siasa za Meru na Embu ni mzigo wa wamishonari, hivyo irudi kanisani, haina miguu. Wamethodisti walifika Meru mwaka 1912. Tayari Mugwe, kiongozi wa kidini wa Wameru, alikuwa akibariki marika, na Njuri Ncheke, baraza lao la wazee, ikiamua kesi kwa kiapo.

Dhaifu kupindukia ni dai kwamba mimbari huwaziba wapiga kura midomo. Katika mchujo wa 1988 wa KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo, raia walipanga foleni nyuma ya wagombea. Kwingine foleni fupi ikatangazwa mshindi mchana kweupe. Midomo ilizibwa na nani hapo? Askofu wa Kianglikana David Gitari, ambaye dayosisi yake ilijumuisha Embu na Meru, aliupinga mlolongo huo wa kura hadharani. Aprili 1989 nyumba yake ilivamiwa usiku. Uchaguzi wa 1992 ulifanywa kwa kura ya siri.