Vita vya Ziwani na Kimya cha Wanakiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili akitajiwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, aghalabu hulikumbuka jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Hapo ndipo kumbukumbu yake inapokoma. Kwamba vita hivyohivyo vilipiganwa kwa mizinga juu ya maji ya Ziwa Viktoria, jirani na Muhuru, ni habari ngeni kwa wengi.

Mpaka uliochorwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1886 uliishia ufukoni mwa ziwa hilo. Mwaka 1890 ukavushwa hadi ng'ambo. Muhuru ikabaki kwa Waingereza, Shirati kwa Wajerumani, na Waluo na Wasuba wakajikuta raia wa wafalme wawili wasiowajua. Vita vilipozuka, mwambao huo ukawa njia ya majeshi. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka, na tarehe 11 wakauteka mji wa Kisii. Kesho yake kikosi cha KAR kiliwashambulia, nao wakarudi nyuma kuelekea Karungu. Huko Karungu meli ya Winifred ilikabiliana na Muansa ya Wajerumani, ikazidiwa kwa mizinga, ikaondoka, kisha ikarejea ikiwa na mwenzake, Kavirondo. Novemba Sybil iligonga mwamba ikakwama Majita. Haikuopolewa hadi Mei 1915. Juni mwaka huo majeshi kutoka Kisumu yaliivamia Bukoba, na Julai 1916 Mwanza ikatwaliwa.

Meli zote hizi zina majina na tarehe zake. Wakazi wa fukweni hawana. Hata Abagusii hutajwa zaidi kwa sababu walichukua mali iliyoachwa Kisii baada ya mapigano, wakaadhibiwa kwa kunyang'anywa ng'ombe na serikali ileile iliyokuwa imeukimbia mji. (Ajabu ya serikali hiyo!)

Yamkini msomaji atasema hayo ni ya Idara ya Historia. La hasha. Kiswahili kilisikika katika kambi za pande zote mbili, na Vita vya Maji Maji vilipata utenzi wake kwa sababu Abdul Karim bin Jamaliddini hakumngojea mwanahistoria. Vita vya ziwani havijapata nafasi ya namna hiyo madarasani mwetu.

Walioviona kwa macho wamekwisha. Waliosalia ni wajukuu na vitukuu, na masimulizi yao, kama yapo, yamo katika Kiluo, Kisuba na Ekegusii. Kuyakusanya na kuyatafsiri ni kazi ya fasihi simulizi hasa. Safari za vyama vya Kiswahili huelekea Lamu, Mombasa na Unguja. Moja na ielekee Muhuru, na wanafunzi wa Tanzania waanzie Shirati, maana familia zinazotafutwa ziko pande zote mbili za mstari.