Anayejitolea Si Mpambe wa Kukodiwa

Kuna dhana potofu iliyoota mizizi katika wilaya za Masasi na Newala, kama ilivyoota kwingineko nchini, kwamba uchaguzi ni kazi ya wenye fedha. Waenezaji wa dhana hiyo hudai kwamba mkulima wa korosho hana uwezo wa kuamua nani awe mwenyekiti wa kitongoji, nani awe diwani na nani awe mbunge. Kazi yake, kwa mujibu wao, ni kusubiri fulana, khanga na kilo ya sukari, kisha apige kura kama alivyoelekezwa. Dhana hiyo ni ya uongo. Tena ni ya hatari, kwa sababu inawanufaisha wachache na kuwanyang'anya wengi silaha pekee waliyo nayo.

Historia ya nchi hii inaikanusha. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 haikuwa na hazina yoyote ya kujivunia. Ilijengwa na makarani, madereva, wakulima na wachuuzi waliofanya kazi ya chama baada ya kazi zao, pamoja na akina mama ambao Bibi Titi Mohamed aliwaandikisha kwa maelfu kuanzia mwaka 1955. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958 ulipoamua kwamba chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, masharti ya kuwa mpiga kura yalikuwa ya kipato, elimu au cheo, na yaliwekwa makusudi ili Waafrika wengi wabaki nje. Ilibidi atafutwe mmoja mmoja kila aliyetimiza masharti, ashawishiwe kujiandikisha, kisha akumbushwe siku ya kupiga kura. UTP, chama kilichopendwa na serikali ya kikoloni, kilikuwa na fedha na kilikuwa na wakubwa. Kilishindwa vibaya.

Hata baada ya Uhuru, kuanzia uchaguzi wa mwaka 1965, wagombea wawili wa ubunge walisimama jimboni kwa alama za jembe na nyumba, na hakuna aliyeruhusiwa kuendesha kampeni yake binafsi. Walipanda jukwaa moja, katika mikutano iliyoandaliwa na chama, mbele ya wananchi wale wale. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, lakini ulimzuia tajiri asigeuze jimbo kuwa gulio. Mwaka huo huo Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa na wapiga kura. Cheo hakikumwokoa.

KURA IKAGEUZWA BIDHAA

Nini kilitokea baadaye? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa na takrima ikahalalishwa, kana kwamba kumpa mpiga kura pilau siku chache kabla ya kura ni ukarimu tu wa Kiafrika. Ilibidi Mahakama Kuu, mwezi Aprili 2006, itamke kwamba takrima inakwenda kinyume cha Katiba. Ikafuata Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010. Lakini sheria ikiwa kabatini haimzuii mtu mwenye bahasha. Katika kura za maoni, pale ambapo uamuzi umeachwa mikononi mwa wajumbe wachache, bei ya jimbo zima huwa ndogo kuliko bei ya gari la mgombea. Mjumbe wa namna hiyo ni dalali wa wenzake.

Na hapo ndipo alipoingia mpambe. Mpambe hupiga makofi kwa posho, hubandika picha kwa posho, na hutukana kwa posho. Akipewa zaidi na upande wa pili, huhama usiku huo huo. Mtu kama huyo huitwa kwa jina la heshima la mwenye kujitolea, na jina hilo linachafuka.

Anayejitolea kwa kweli anajulikana kwa kazi yake, na kazi hiyo katika Masasi na Newala haihitaji fedha nyingi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 24 Novemba 2019, na tena tarehe 27 Novemba 2024. Uchaguzi mkuu huwa mwishoni mwa Oktoba. Kila mwana wa Newala anajua maana ya miezi hiyo: ni msimu wa korosho. Watu wako mashambani wakiokota, wengine wamehamia huko kabisa, wengine wako ghalani au wanafuatilia minada. Mwaka 2024 uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa ulidumu siku 10 tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Zaidi ya hayo, orodha hiyo si Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Mwenye kadi ya kupigia kura aliyedhani kadi inamtosha, akaendelea kuokota korosho zake, alijikuta hana sauti kitongojini kwake.

Ni nani anayejua kwamba mzee fulani yuko shambani tangu mwezi wa tisa? Si mgombea anayekuja na gari kutoka mjini. Ni jirani. Vijana watano wenye baiskeli, wanaozijua njia za mashamba na za mabondeni ambako akina mama wa uwandani huteremkia maji, wanaweza kuwaandikisha watu wengi kuliko kipaza sauti chochote. Mahali ambapo kiti cha kitongoji huamuliwa kwa kura chache, kazi hiyo ndiyo uchaguzi wenyewe.

KITI KIDOGO, MADARAKA MAKUBWA

Wapo watakaouliza, kuna nini cha kugombania katika kijiji? Waulize Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayoikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yote ya kijiji. Mwenyekiti mlafi anaweza kuanzisha mgogoro wa mashamba ambao wajukuu wataurithi. Waulize pia mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake, na ambao hauitishwi pale penye mwenyekiti asiyetaka kusoma mapato na matumizi.

Kwa sababu hiyo, kupita bila kupingwa si sifa. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa, na katika sehemu nyingi viti vilijazwa bila kura hata moja kupigwa. Kiongozi aliyepata kiti kwa njia hiyo hakuulizwa swali lolote, wala hajui anakubalika kiasi gani. Wazee wa Kimakonde hawakuwa na mfalme mmoja juu ya uwanda wao. Kila makazi yalikuwa na mkulungwa wake, naye alisikilizwa kwa kuwa watu wake walimwamini. Wakoloni walipoleta maakida na maliwali wa kuteuliwa, walipata watumishi watiifu kwa bwana DC, si viongozi.

Hoja ya mwisho ya wapinzani wa kujitolea ni njaa: eti mtu hawezi kuacha shamba lake kwa ajili ya kura. Njaa ipo, na si jambo la kufanyiwa mzaha. Lakini anayemwacha jirani aandikishe watu kitongoji kizima anaweza kumwokotea korosho zake siku hiyo. Mwaka 1964 vijana wapatao elfu moja walikwenda Mississippi, Marekani, kuwaandikisha Weusi walionyimwa kura. Watatu waliuawa mwezi Juni. Mwaka uliofuata sheria ya haki ya kupiga kura ilipitishwa. Ikiwa watu walitoa roho zao, siku 10 za Oktoba si mzigo usiobebeka.

Kwa utaratibu wa kila miaka mitano, vitongoji vitachagua tena mwaka 2029. Maandalizi yaanze mapema: watu wahimizwe kudai mkutano mkuu wa kijiji, mapato na matumizi yasomwe, vijana waaminifu wajue kila kaya na kila shamba, na siku ya kura wakae hadi karatasi ya mwisho ihesabiwe. Atakayekuja na bahasha apokewe kwa swali moja: fedha hizi utazirudisha kutoka wapi, kama si kwenye korosho zetu?