Kiongozi Mpya Apimwe kwa Mwelekeo

Imekuwa desturi katika michezo ya majeshi kwamba timu ikishindwa mara tatu mfululizo, lawama zote humwangukia mwalimu, na kabla msimu haujamalizika huletwa mwingine. Desturi hiyo yafaa ichunguzwe, na mfano mwafaka ni wa timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Kijeshi cha West Point, Marekani.

Mwaka 1975 hali ya timu hiyo ilikuwa ya kusikitisha. Katika msimu wa 1974-75 ilicheza michezo 25, ikashinda 3 tu. Sababu hazikuwa za uwanjani peke yake. Vita vya Vietnam vilikuwa vimelichafulia jeshi jina mbele ya vijana wengi. Aidha, mhitimu wa chuo alipaswa kulitumikia jeshi miaka mitano, sharti lililowaepusha vijana waliotumaini kuishi kwa mpira wa kulipwa.

Aliyekabidhiwa timu ni Mike Krzyzewski, mwenye umri wa miaka 28. Hakuwa mgeni chuoni. Alihitimu hapo mwaka 1969 akiwa nahodha wa timu chini ya mwalimu Bob Knight, kisha akatumikia jeshi miaka mitano, ambamo alifundisha pia timu za wanajeshi, akaacha utumishi mwaka 1974 akiwa na cheo cha kapteni.

Katika msimu wake wa kwanza timu ilicheza tena michezo 25, ikashinda 11 na kushindwa 14. Mwenye kuhesabu kwa haraka angesema mwalimu ameshindwa, kwa kuwa hasara ilizidi faida. Lakini masharti ya chuo hayakuwa yamelegezwa, na ushindi ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tatu. Msimu uliofuata timu ilishinda michezo 20 na kupoteza 8.

Isidhaniwe kwamba njia ilinyooka tangu hapo. Msimu wake wa mwisho West Point, wa 1979-80, alishinda 9 na kupoteza 17. Hata hivyo Chuo Kikuu cha Duke kilimwajiri. Huko nako, katika msimu wa pili na wa tatu alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, na wapo waliodai aondolewe. Wakuu wake walimstahimili. Alipostaafu mwaka 2022 alikuwa ameshinda michezo 1,202 na kuipatia Duke ubingwa wa taifa mara 5.

Hatusemi kwamba kila mwalimu anayeshindwa aachwe tu. Uvumilivu usiokagua kazi ni uzembe. Mkuu wa kikosi ajiulize: je, wachezaji wanafika mazoezini kwa wakati? Je, wanashindwa kwa tofauti ndogo kuliko awali? Je, mwalimu amepewa wachezaji wake, au nusu yao wako lindoni kila siku ya mazoezi? Majibu yakionyesha kwamba kazi inasonga mbele, apewe muda. Yakionyesha kinyume, aondolewe bila kuoneana haya.

Kipimo hicho kinamfaa pia afisa kijana aliyekabidhiwa platuni iliyovunjika moyo, na mkuu mpya wa kituo cha polisi kilichopoteza imani ya raia. Hakuna hata mmoja wao awezaye kujenga kwa mwezi mmoja kilichobomoka kwa miaka.