Picha yenye kusafiri ndani ya anvelope

Leo telefone inapeleka picha toka Kolwezi mpaka Ulaya mbele mutu hajapepesa macho. Sasa kwa nini kungali bantu wanaokata kartoni, wanapaka rangi, wanabandika tembre, kisha wanangoja majuma matatu?

Kule Marekani kulikuwa fundi mumoja wa picha, Ray Johnson, aliyezaliwa Detroit mwaka 1927. Alikata magazeti, akachora juu yake, akatia katika anvelope, akatumia rafiki. Mara nyingi alimwomba aongeze kitu chake, kisha apitishe kwa mwingine. Kazi moja, mikono mingi. Mwaka 1970 Whitney Museum ya New York ilionyesha vitu ambavyo wenzake walituma. Johnson alikufa mwaka 1995, lakini desturi ingali inaendelea. Mutu akiita maonyesho ya namna hii, kwa kawaida hachagui wala hakatai kazi ya mutu, halipishi, harudishi kitu, na kila aliyetuma anapata orodha ya wenzake.

On Kawara, Mjapani aliyekaa New York, alituma kadi-posta mbili kila siku tangu mwaka 1968 mpaka 1979, na juu yake muhuri wa saa aliyoamka. Njo hiyo tu. Tangu 1970 alituma pia telegramu za kusema kwamba angali hai. Mutu wa mbali anaweza kuuliza, hiyo ni sanaa gani? Mama mwenye mume chini ya ardhi hatauliza.

Wala si mchezo siku zote. Kule Uruguay, Clemente Padín alifanya maonyesho ya kadi-posta Montevideo mwaka 1974, wakati askari walitawala inchi. Mwaka 1977 wakamfunga juu ya kazi zake. Wenzake wa posta katika inchi nyingine, wengi hawajamuona uso kwa uso, waliandika barua kumuombea uhuru. Alitoka 1979. Sisemi barua njo zilifungua mlango, lakini jina lake halikupotea gerezani.

Na telefone? Haikuua jambo hili, inalisaidia. Tangu 2005 kuko Postcrossing, iliyoanzishwa Ureno, inayogawa adresi kwa njia ya intaneti ili bantu watumiane kadi za kweli. Lakini picha ya telefone haina kole, haina alama ya kidole, na telefone ikiibiwa, picha nayo inakwenda.

Unataka kuanza na batoto? Kamata kartoni ya sabuni ao ya maziwa, kata milimita 64 kwa 89. Ni kipimo cha zile kadi ndogo zenye picha za wachezaji wa michezo, na M. Vänçi Stirnemann wa Zürich alikitumia mwaka 1997 kwa kadi za sanaa: zinabadilishwa, haziuzishwi. Upande mumoja mtoto achore anachoona, hata kama ni baiskeli ya baba yenye matope. Nyuma aandike jina na tarehe. (Adresi ya nyumba isiandikwe kwa mutu musiyemjua, muweke ya parokia ao ya masomo.) Kama posta iko mbali, mpe msafiri unayemjua, sawa vile tumezoea kutuma mikanda, na mwenye kupokea atume yake kwa msafiri huyo huyo akirudi.