JASHO LA MABAMBA LISIISHIE MPAKANI

NDUGU yangu kijana, wewe unayesoma gazeti hili kwa kuazimana kijiweni, leo tuzungumze mafao. Usigeuze ukurasa ukadhani hayo ni mambo ya wazee. Mafao huliwa uzeeni, lakini hupotea ujanani, wakati wewe unajiona bado una nguvu.

Nenda Mabamba, wilayani Kibondo, mpakani na Burundi. Mrundi anavuka, anapimiwa ngwe, analima, analipwa mkononi, anarudi kwao. Hakuna karatasi. Siku mgongo ukigoma, hakuna wa kuulizwa.

Usimcheke. Babu yako ndivyo alivyofanywa. Mwingereza aliifanya Kigoma ghala la manamba. Waha na Warundi waliandikishwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba ya mkonge, wakasafirishwa mpaka Tanga. Kipande kilikuwa cha siku 30 za kazi, na siku usiyofanya kazi haikuhesabiwa. Kwa hiyo mabwana wale walijua sana kuhesabu! Kilichowashinda ni kuhesabu uzee wa mtu. Mfuko wa akiba, NPF, ulikuja mwaka 1964, na wakati huo wengine walikwisha kurudi Buha mikono mitupu.

Sasa tupige hesabu yako wewe. Tuseme umelinda geti Dar es Salaam miaka 9, ukakatwa NSSF. Hiyo ni miezi 108. Ukaenda Nairobi, ukafanya kazi na kukatwa miaka 8, miezi 96. Jumla ni 204. Sheria yetu inataka michango ya miezi 180 ndipo upate pensheni ya kila mwezi. Miezi unayo, tena imezidi, lakini imegawanywa na mpaka wa Namanga. Dirishani Dar utahesabiwa 108. Hizo nyingine je, ulikuwa umelala?

Wakubwa wetu wanalijua jambo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, Burundi ikiwa imekwisha kuwa mwanachama tangu 2007. Kifungu cha 10 kinampa mfanyakazi wa nchi jirani haki za hifadhi ya jamii sawa na za mwenyeji, na kinalitaka Baraza la Mawaziri litunge kanuni. Ni zaidi ya muongo. Wakikutana Arusha tunasikia ya ushuru na malori. Posho zao huvuka mpaka bila taabu, mchango wa mlinzi ndio unaokwama.

Wazungu walianza mwaka 1958, nchi 6. Miezi ya Ujerumani na ya Ufaransa inajumlishwa ili mtu atimize masharti, kisha kila nchi inalipa sehemu ya miezi iliyofanywa kwake. Mwaka 2003 wakaipanua sheria hiyo hata kwa wageni wanaoishi huko kihalali, Mmoroko na Mturuki, isipokuwa Denmark iliyojitoa. Lakini kwa nini twende mbali? Burundi, Rwanda na Zaire zilitia saini mkataba wao wa hifadhi ya jamii mwaka 1978. Vita viliuvuruga, lakini akili ilikuwepo, ng'ambo tu ya Mabamba.

Wataalamu watasema mifuko haifanani, kwamba wa Uganda hulipa kwa mkupuo na wetu hulipa pensheni. Ni kweli, ni kazi ngumu. Ndiyo sababu wanalipwa mishahara.

Na yule wa ngwe? Kanuni za kujumlisha hazimsaidii asiye na hata mwezi mmoja wa kujumlisha. Kwake kazi ianzie kwenye daftari: anayemwajiri msimu mzima aandikishe jina na mchango, awe Mha au Mrundi. Mbunge wako akija kuomba kura, usimwulize habari za kofia na fulana. Mwulize kanuni za kifungu cha 10 ziko ofisi gani, na lini zitafika Mabamba.